Karatasi ya Maoni ya Kitabu cha Kaka

Katika maktaba yetu ya mtaa mimi nakaa mezani, naazimisha vitabu na kuvipokea. Chumba cha nyuma ni cha Bi Uzi, anayeshona vitabu vilivyochanika. Kazi yake haina mzaha: kurasa zinakunjwa mafungu mafungu, kila fungu linatobolewa mgongoni na kushonwa kwenye lililotangulia, kisha yote yanabanwa kwa mbao mbili mpaka gundi ikauke. Miaka ishirini hajakosea, na hachoki kutukumbusha.

Kaka yake ni mpima ardhi mstaafu. Tulidhani akistaafu atapumzika. Kumbe akajifungia miaka sita akiandika hadithi ya enzi za ngome na panga, yenye joka, malkia mkorofi na shujaa wa mavazi ya chuma. Alichapa nakala moja tu, sura kumi na mbili, kila sura fungu lake. Vichwa vya sura hakuweka, wala namba za kurasa. Alisema zinamfanya msomaji ahesabu kilichobaki badala ya kusoma. Dada yake akakishona, tukakiweka rafuni.

Hapa kwetu kila kitabu kina karatasi ya maoni ndani ya jalada la nyuma. Ukirudisha kitabu unaandika neno kwa penseli, hata kama ni la kuudhi. Kaka aliapa hataigusa mpaka miezi mitatu ipite.

"Wakinisifu, naandika cha pili," alimwambia dada yake. "Wakiniponda, naweka kalamu chini nifuge kuku."

Bi Uzi aliingiwa na hofu. Anamjua kaka yake. Mwaka ule wa kwanza wa kustaafu, kabla hajaanza kuandika, alikuwa anakaa dirishani kimya kutwa nzima, hata chakula anabembelezwa.

Siku ilipofika, Bi Uzi alikitoa kitabu asubuhi na mapema, aone kama kuna la kumficha. Nikasogea, maana umbea ni sehemu ya kazi yangu.

Mwalimu wa hesabu alikuwa ameandika: "Sura ya kwanza inachosha. Umbali wa kila mti umepimwa. Tunataka joka!" Fundi wa kuchomea vyuma: "Ngao ya unene huo haibebeki kwa mkono mmoja. Ila shujaa aliporudi nilipiga kelele mpaka jirani akaja." Muuguzi: "Nimeona wagonjwa wakizinduka, lakini huyu alizikwa! Alitokaje kaburini? Mwandishi, usituache hivi. Nasubiri cha pili."

"Aliporudi kutoka wapi?" Bi Uzi aliuliza. "Shujaa anakufa sura ya mwisho. Mimi mwenyewe nililia."

Akafungua kitabu, akapitisha kidole mgongoni, fungu baada ya fungu. Ghafla kidole kikasimama. Fungu la kumi na mbili, lenye kifo na mazishi, alikuwa amelishona kabla ya la kumi na moja. Kwa hiyo shujaa anazikwa, nchi nzima inalia, unafunua ukurasa unamkuta juu ya farasi analikata joka kichwa, kisha anaondoka zake akipiga mluzi. Kitabu kinaishia hapo.

"Nimemharibia kaka yangu," alisema, na machozi yakamtoka.

Nilimshauri tuichane karatasi ile tuseme imepotea. Alinitazama mpaka nikaona aibu.

Kaka aliingia amevaa shati lililopigwa pasi mpaka kola imesimama. Kabla hajakaa, dada yake akamweleza yote, bila kujitetea. Mzee alivaa miwani. Aliisoma karatasi, kila oni mara mbili, nasi tumesimama kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Mara mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mdogo wangu," alisema akijifuta macho, "unadhani habari ya kuku ilitoka wapi? Kitabu cha pili nimekianza mara saba. Kila nikianza, nakumbuka nimeshamzika. Siku ile nilikuwa nimechoka, nikamuua tu nimalize. Nimejuta! Na kumrudisha niliona haya, nikajua watu watanicheka."

"Sasa wamecheka?" dada yake aliuliza.

"Wamepiga kelele mpaka jirani akaja!"

Bi Uzi, ambaye kwa kukosea fungu moja tu alikuwa tayari kuacha kazi, alifurahi waziwazi, mikono yote miwili mashavuni. Akaahidi kukifumua kitabu akishone upya, sawasawa.

"Thubutu!" kaka yake alisema, akikikumbatia kitabu. Kisha akavuta kiti karibu na meza yangu, akachomoa penseli yangu bila kuomba, akaigeuza karatasi ya maoni upande usioandikwa.

"Haya, mdogo wangu, niambie. Alitokaje kaburini?"

"Mimi nitajuaje, kaka?"

"Wewe ndiye uliyemtoa."