Mabeseni ya Makwale

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa brashi ya kusugulia chupa na onyo kutoka kwa fundi mkuu wa maabara ya maji: "Sampuli ikikaa wazi, umepima vumbi." Nililishika hilo katika kituo cha Kasumulu, nikalishika na katika kituo cha Ngana. Hata nyumbani mama alinilea hivyohivyo: maji hufunikwa, basi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini ndio ulionirudishia ujana. Kisima cha Bi Sekela, mjane wa Makwale, kilikuwa kimefungwa kwa sababu dawa ya kupulizia kakao ilipenya humo. Alichota mtoni, na magoti yalishamchoka. Mkuu wetu wa maabara, mama wa Tanga asiye na masihara, akaja na unga wa kijivu: chembe za oksidi ya zinki, ndogo hata darubini yetu haizioni, zilizoshikizwa kwenye majivu ya pumba za mpunga. Majivu huivuta dawa, chembe huivunjavunja. Unga huo huitwa kichocheo, kwa kuwa hufanya kazi bila wenyewe kuisha. Pumba za mpunga wetu wa Kyela! Usiku ule sikulala kwa furaha.

Tulijaza maji ya kisima kwenye mabeseni uani kwa Bi Sekela, tukakoroga unga, Mkuu akaniachia niyaangalie. Siku ya tatu alirudi na kipimo. Dawa bado ilikuwamo.

"Mzee Ambakisye, naandika unga umeshindwa," alisema. "Kisima kifukiwe."

Bi Sekela aliinua ndoo yake, akageukia njia ya mtoni.

Moyo ulinipasuka. Unga ule hufanya kazi kwa jua, Mkuu alikuwa amenieleza siku ya kwanza, nami nikaitikia. Alipoondoka, mikono ikafanya ilichozoea: nikafunika mabeseni yote kwa majani ya mgomba. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeyatoa kabla hajafika. Ningenyamaza, nani angejua?

"Mama, usiandike. Niliyafunika."

"Kwa nini?"

"Ni maji, Mama."

Alinitazama, akafunga daftari. Tukaanza upya. Siku tatu nilikaa juani na fimbo nikifukuza kuku, na kipimo kiliposoma kuwa dawa haimo, nililia mbele ya watu bila aibu.

Vijana wa maabara wakiniuliza siku gani ya kazi najivunia, nawatajia ile niliyosema niliyafunika. Siku ya kuniaga, Bi Sekela alikuja na ndoo ya maji ya kisima chake, yaliyokwisha kusafishwa na kuchujwa, juu yake jani la mgomba.

"Ndaga fijo, tata," aliniambia. Asante sana, baba.

Mkuu akalitazama lile jani, akacheka. "Haya ndiyo ya kufunika, Mzee."