Fulana Nyekundu na Vyura wa Mafunjo

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu unaopanda na kushuka, na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na hata kuzungumza mbele za watu naona haya. Lakini juzi nilipita kwenye bonde la chini ya Igoma, nikakuta malori yanamwaga kifusi. Chura mdogo akaruka kutoka kwenye alama za matairi, mapaja yake yakamulika nyekundu, kisha sikumwona tena. Ndiyo maana leo naandika.

Zamani bonde lile lilikuwa mafunjo matupu mpaka ziwani. Mama alifanya kazi mjini, hivyo mimi na mdogo wangu tuliishi na bibi ukingoni mwa bonde. Asubuhi tulikula michembe ya karanga, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Nikitoka shule tulikata majani ya ndama. Mvua zikianza, vyura walilia mpaka bibi alilazimika kupaza sauti ili tumsikie.

Mwalimu wetu wa sayansi alitupeleka kuwaona. Alisema chura yule wa mapaja mekundu anapenda kujipamba ila hapendi kuliwa. Akikaa hukunja miguu, nyekundu yote inajificha, anabaki na rangi ya jani kavu. Yangeyange akimkaribia, anaruka. Ndege anaiona nyekundu, anaikimbilia. Chura akitua ameshaikunja. Ndege anabaki akitafuta kitu chekundu ambacho hakipo.

Nilipomsimulia bibi, alicheka. "Basi ana akili kuliko wewe!"

Alikuwa akinisema kwa sababu ya fulana nyekundu ambayo mama aliniletea. Bibi alinikataza kuivaa masika. Kwetu wazee wanasema nyekundu inaita radi, na mwaka ule radi ilikuwa imeua ng'ombe watatu wa jirani. "Ukitaka kuiita," alisema, "iite ukiwa peke yako."

Lakini niliipenda mno. Siku moja niliivaa ndani, shati jeupe la shule juu yake, nikajiona mjanja kama chura. Mchana ule tulikuwa katikati ya mafunjo, mimi na mdogo wangu, tukikata majani, mvua iliposhuka ghafla. Shati likalowa, likanata mwilini, na nyekundu ikaonekana yote.

Ngurumo ya kwanza ilitikisa maji. Niliamini kabisa kwamba mdogo wangu atakufa kwa sababu yangu.

"Kaa mbali na mimi!"

"Dada, mbona unanikimbia?"

"Usinifuate! Jikunje kama chura, nyamaza!"

Nikakimbia. Nilipogeuka, simwoni. Mafunjo yamenizidi kimo, maji yamefika magotini, kila upande unafanana na mwingine. Nikaita, hakujibu; si nilimwambia anyamaze? Alikuwa na miaka mitano, na nguo zake zilikuwa na rangi ya tope. Angeweza kuwa hatua mbili kutoka kwangu nisimwone.

Niliita mpaka sauti ikakauka. Radi ikamulika tena, karibu zaidi. Pale palikuwa na kichuguu. Nikakipanda, nikavua shati jeupe, nikasimama na nyekundu yangu juu ya mafunjo yote, nimefumba macho, meno yakigongana, nikingoja mdogo wangu anione, au radi inipige.

Kitu kikanishika mguu. Nikapiga yowe.

"Nimekuona, dada," alisema. "Umekuwa mwekundu sana!"

Bibi alitukuta ukingoni. Aliitazama fulana. Akambeba mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukaenda nyumbani. Hakuitaja fulana ile mpaka alipofariki.

Sasa bibi hayupo, na mafunjo yaliyobaki hayatoshi kumficha mtoto. Mdogo wangu anachomelea mageti pale Igoma. Anasema siku ile haikumbuki, na ananitania: "Dada, wewe na vyura wako!" Mimi naikumbuka. Ngurumo ikipiga, hata leo, nazunguka nyumba nzima kuhakikisha kila mtu yumo ndani.

Kama kwenu vyura hao bado wapo, niandikieni, hata mistari miwili. Nielezeni wanavyolia mvua ikianza, maana sauti yao imeanza kunitoka. Nasoma polepole, lakini nitasoma yote.