Ombi Nililolipotosha Rumonge

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kofia nyekundu na kiboko kabla hata ya kuulizwa jina la baba yangu. Ilikuwa Rumonge, kando ya ziwa, katika nchi ya Warundi, wakati wa Wajerumani, kwenye kituo cha kukata kuni za meli ya moshi. Nilikuwa Mmanyema, mzaliwa wa ng'ambo ya ziwa. Kwa kuwa nilijua Kirundi na Kiswahili, nikafanywa mnyapara, yaani msimamizi wa vibarua, na mkalimani juu yake.

Bwana wa kwanza, tuliyemwita Bwana Msitu, alitaka jambo moja: kuni zipangwe ufuoni, zifike kifuani mwa mtu, kabla meli haijatia nanga. Wamanyema wenzangu walitaka awaite kwa majina na kuwasifu mbele ya watu. Warundi wa milimani walitaka akae chini, asikilize neno mpaka liishe, kama mkubwa wao anavyofanya akiletewa shauri. Mrundi haanzi na haja yake. Huanza na amani, ng'ombe, mvua. Hayo yote niliyajua. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Asubuhi moja Barutwanayo, mkata miti hodari kuliko wote, aliweka shoka chini, akapiga makofi taratibu kwa heshima.

"Amahoro, bwana," akaanza kwa salamu ya amani, akaendelea kwa Kirundi. Alisema juu ya mvua, kisha juu ya kwao, kule juu ya Minago, ndipo akafika: baba yake anakata roho, naye anaomba siku tatu akayasikie maneno yake ya mwisho.

"Anataka nini huyu?" Bwana Msitu akaniuliza kwa Kiswahili. "Maneno mengi!"

Nilikuwa nimemwahidi bwana kwamba hatapungua mtu hata mmoja mpaka meli ije. Niliogopa kuonekana mwongo. Nikasema, "Anasema kazi ni ngumu, bwana. Amechoka."

"Hamsa ishirini!"

Yaani viboko ishirini na tano. Nilivipiga kwa mkono wangu. Barutwanayo hakulia. Alinitazama tu, akaokota shoka. Baba yake alizikwa yeye akiwa anapanga kuni.

Baadaye akaja bwana mwingine, aliyejifunza Kirundi kidogo. Alikaa juu ya gogo akasikiliza. Hata alipomnyima mtu ruhusa, mtu yule aliondoka ametulia. Kila nilipomwona amekaa pale, uso uliniwaka.

Leo ninyi mnaosimamia watu huniuliza vibarua hutaka nini kwa mkubwa wao. Kila taifa lina lake. Lakini sijaona mtu wa taifa lolote aliyependa maneno yake yafike yakiwa ya mtu mwingine.

Nilipozeeka na kuacha kazi, nilipanda mlima mpaka kwa Barutwanayo. Alinipa kigoda na maziwa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, siku ile nilimdanganya bwana. Hakujua uliomba nini."

"Najua," akajibu kwa Kiswahili. "Nilikuwa nasikia Kiswahili, kidogo tu. Nilisikia 'amechoka'."

"Mbona hukusema?"

"Bwana iko na hasira, wewe iko na kiboko. Nikangoja. Nikasema moyoni, huyu mutu anatujua, sasa hivi atasema vizuri. Nilingoja mpaka kiboko cha mwisho."

Maziwa yake sikuweza kuyanywa.