Kigoda cha Baba Jikoni

Juzi gulioni Nyashimo nilinusa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka na karanga, nikamwona tena akilini baba yangu, Luhende, kama nilivyomwona utotoni, akiingia jikoni na kigoda chake.

Wanaume wa kwetu walikula nje, shikome, kwenye moto wao. Lakini mama yangu, Kabula, alikuwa hasemi naye tangu alipouza pamba yote kwa wanunuzi wapya waliokuja na malori bila kumwambia. Na kesho yake, baada ya jioni ile ya kigoda, ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana.

Mdogo wake baba, Masanja, alichekea mlangoni. "Luhende, umelogwa? Ngoja wakufunge kanga!"

Baba aliketi kwenye kigoda, akamgeukia mama. "Kabula, nimekukosea. Siwezi kwenda mezani kwa Bwana wewe umeninunia."

Mama aliendelea kukoroga chungu. Mimi nilijua baba kalogwa kweli, nikaanza kulia. Halafu mama akasogeza bakuli lake mwenyewe katikati yake na baba.

"Haya kula, inapoa."

Leo najua haukuwa uchawi. Mume wangu Ng'wandu, Mkristo mzuri, alikula shikome mpaka Mungu alipomchukua. Miaka yote hiyo niliacha nafasi ya kigoda chake karibu na mafiga.