Redio ya Mirihi na Machungwa ya Mwanhuzi

Apolonia huchapa kazi za watu kwenye duka la steshenari mjini Bariadi, na hakuna kinachomtia kinyaa kama riwaya ya Mwalimu Danford. Riwaya yenyewe ni ya wanaanga walioko Mirihi. Kila mambo yanaponoga, redio ya chombo inakufa, na mke aliyebaki duniani hajui aomboleze au asubiri.

"Mwalimu, redio imekufa tena? Chombo kinafika Mirihi, fundi redio hamna?"

"Bila hivyo hadithi inaisha, dada."

"Basi iishe! Uvivu huu unanichefua. Watu wananyimana habari na simu ina chaji."

Alijua analolisema. Baba yake alipofariki alipigiwa simu, mtandao safi kabisa: "Baba anaumwa kidogo, njoo." Kwetu msiba hautangazwi kwenye simu. Mtu huitwa kwa ugonjwa, kifo akakikuta huko huko. Eti heshima. Heshima gani? Mimi nasema inanuka. Apolonia alifika kwao Mwanhuzi na mfuko wa machungwa ya mgonjwa, akakuta turubai limeshafungwa na wanaume wameketi nje. Tangu siku ile harufu ya machungwa inamtibua roho, na neno "kidogo" akilisikia anatema mate.

Wiki iliyopita, akiwa katikati ya riwaya, mdogo wake Ngassa akapiga.

"Dada, mayu anaumwa kidogo. Njoo."

"Mpe simu nimsikie."

"Amelala."

"Ngassa, niambie ukweli. Mama yupo?"

"Nimekwambia amelala. Njoo tu."

Akatukana mbele ya wateja, jambo asilolifanya. Akajifunga khanga nyeusi na kitambaa cheusi kichwani, akapanda basi, akalia njia nzima. Stendi ya Mwanhuzi wachuuzi wa machungwa walimzonga, akawafukuza kama nzi.

Uani hapakuwa na turubai. Mama yake alikuwa ameketi mkekani, shuka mabegani, anakunywa uji. Ilikuwa malaria tu. Akamtazama binti yake kuanzia kitambaa cheusi cha kichwani mpaka mikono mitupu.

"Umekuja kunizika, mwanangu? Hata chungwa moja hukubeba?"

Apolonia akamgeukia Ngassa. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," Ngassa akajibu. "Nilisema anaumwa kidogo. Nilisema amelala."