Siku Tuliyovusha Watu wa Kisiwa Bila Kibali

Siku yangu ya kwanza kwenye kivuko cha Kasongo nilipewa mti mrefu uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe. Kazi yangu ilikuwa kusonda, yaani kuuchovya ule mti mbele ya chombo na kumpigia Kapiteni kelele maji yana kina gani. Jioni koo lilikuwa limekauka. Kapiteni akaniambia, "Unapima vizuri, lakini unaogopa kusema maji ni kidogo. Mimi sitaki habari nzuri. Nataka ya kweli."

Nilisonda miaka mingi. Baadaye wakubwa wa barabara na vivuko walinipeleka upande wa Kabambare kutengeneza madaraja ya miti kwenye barabara ya Salamabila, halafu wakanirudisha mtoni nikiwa kapiteni mwenyewe. Mkubwa wangu safari hiyo alikuwa Shefu wa kivuko, mtu mfupi na mpole, aliyevaa shati lililopigwa pasi hata siku isiyo na abiria.

Chini kidogo ya kivuko, katikati ya mto Lualaba, kuna kisiwa cha wakulima wa mpunga. Mwaka mmoja mvua zilianza mapema, na kila asubuhi nilipokwenda kusoma eshelo, ule mti wa alama za maji uliosimikwa ukingoni, nilikuta yamepanda. Watu wa kisiwa wakaanza kufunga mizigo. Hapo ndipo amri ikaja kwa foni, redio yetu ya kuongea na wakubwa wa mbali: chombo kimoja kimezama huko kwingine, kwa hiyo vivuko vyote vifungwe mpaka wakaguzi wafike. Asivushwe mtu bila kibali.

Mama Zaina, mkubwa wa wakulima, alivuka kwa pirogi, mtumbwi wa kupiga kasia, kutuona.

"Pirogi zetu iko tatu tu, na tuko na wagonjwa na watoto. Hao wakubwa wanajua kisiwa chetu?"

"Wanajua jina, mama," Shefu akajibu.

"Basi wavushe jina!"

Siku tatu Shefu aliomba kibali kwa foni. Siku tatu akajibiwa, "Ngojeni." Asubuhi ya nne maji yalikuwa kiganja kimoja chini ya alama nyekundu ya eshelo, ile ya hatari. Yakiipita hiyo, mto hung'oa miti mizima, na gogo moja linatosha kuvunja panga za mashine.

"Inabaki muda gani?" Shefu akaniuliza.

"Leo tu. Kesho mimi mwenyewe nitakataa kuendesha."

Alifungua daftari, akaandika kwamba amri ni yake peke yake, akatia sahihi. "Washa mashine, Kapiteni."

Tulivusha mara tano. Safari ya mwisho Mama Zaina alipanda nyuma ya wote, akivuta mbuzi aliyegoma. Tukiwa katikati, dhoruba ikatushukia. Mvua ilinipiga usoni hata ukingo sikuuona, nikaendesha kwa kufuata sauti ya msondaji wangu. Tulipogusa nchi kavu, watu waliimba. Kulipokucha, kisiwani zilionekana ncha za paa na michikichi tu. Hakupotea mtu hata mmoja.

Kibali kilifika maji yakiwa yanashuka. Kilikuja pamoja na barua nyingine: Shefu amekaidi amri, anahamishiwa Wamaza, mbali na mto, kwenye kazi ya madaraja. Watu wa kisiwa walimbebea godoro mpaka kwenye pikipiki. Mimi nilimbebea sanduku.

Sasa nimestaafu. Magoti yanauma kwa unyevu wa miaka mingi, lakini nina shamba la karanga, na nalala vizuri. Wiki ya kwanza ya pensheni nilipanda pikipiki kwenda Wamaza, siku mbili za matope. Nilimkuta Shefu kwenye kijito, suruali imekunjwa, anapanga magogo ya daraja pamoja na wanakijiji.

"Shefu, haujajuta?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Nijute nini, ndugu yangu? Huku barua inachelewa zaidi. Daraja inavunjika, tunaitengeneza, watu wanapita. Halafu ndio amri ya kungoja inafika."