Vioo Viliposhuka Mbele ya Mama Mkwe

Sitaki mniangalie usoni nikisimulia haya, angalieni vikombe vyenu vya chai, maana mpaka leo nikipita kivukoni Garsen kuna wanawake wanaotua ndoo chini ili wapate nafasi ya kucheka vizuri, na mmoja wao hanikosi, lazima apaze sauti, "Komora, leo umeshiba?" Basi hilo swali la kushiba ndilo nitakalowaeleza, na nikimaliza mcheke yaishe, tusirudie tena.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi kijana wa Ndera nilikuwa nimeshuka Garsen kutafuta maisha, nikaendesha malori ya watu, ya mchele na ya ngozi, mpaka nikaweza kununua gari langu mwenyewe la kubebea abiria. Na nilinunua gari gani? Gari la Kimarekani, refu, jeupe, lililotoka kwa mzungu mmoja wa Malindi aliyekuwa anahama. Aliniuzia kwa bei rahisi mno, na mimi badala ya kujiuliza kulikoni, nikamshukuru Mungu na kuwasha moto.

Kumbe sababu ilikuwa vioo. Milango ya gari lile haikuwa na ule mkono wa kuzungusha. Ulikuwa unabonyeza swichi, mota inaunguruma huko mbele, mafuta ya breki yanasukumwa ndani ya vibomba, na kioo kinapanda chenyewe, polepole, kwa maringo. Wee! Siku za kwanza nilikuwa naegesha karibu na mnada wa mifugo nabonyeza tu, sina safari wala abiria, na Waorma walioleta ng'ombe wanawaacha ng'ombe wao wanakuja kutazama (mzee mmoja alizunguka gari lote akimtafuta mtu aliyejificha mlangoni).

Maringo hayakudumu. Kioo cha nyuma kilianza kugoma kupanda. Nikampelekea fundi Malindi, akafungua mlango, akafunga, akaniambia kimepona, nacho kikapona kweli mpaka nilipofika nusu ya njia ya kurudi. Mafuta yalikuwa yanavuja, na nikiziba hapa yanavujia pale, tena yakimwagika yanakula rangi ya mlango, na mafuta yakipungua kioo kinateremka chenyewe bila kuombwa. Mvua ikinyesha, vioo vinashuka. Vumbi likitimka, vinashuka. Kuna siku nilitoka Bangale vioo vyote viko chini, nikafika mweupe kwa vumbi hata mbwa wangu mwenyewe akanibwekea. Mwisho nikavumbua dawa yangu: magunzi. Unapandisha kioo kwa viganja viwili, unashindilia gunzi la mahindi kati ya kioo na mlango, na hapo hakishuki hata upite kwenye mashimo gani. Hivyo ndivyo gari la Kimarekani lilivyotembea Tana, kwa nguvu za magunzi.

Sasa nije kwa Hawa. Hawa alikuwa binti wa Mzee Maro, kijiji cha ng'ambo ya mto, njia ya kwenda Witu, na kwa kweli nilimpenda mpaka nikaacha kutoza nauli watu wa kijiji chao. Posa ilikuwa imepelekwa na mjomba wangu, Mjomba Jillo, mtu wa maneno mengi kuliko mahitaji, na tukaitwa kwenda kusikia jibu. Kwa desturi zetu siku kama hiyo kijana haonekani, lakini dereva wa gari alikuwa nani? Mimi. Na mkwe, nyinyi mnajua, hatazamani na mama mkwe, akimwona njiani anapisha vichakani, na kula mbele yake ndiyo aibu isiyo na jina. Kwao kina Hawa kulikuwa na jambo moja zaidi. Wazee wakishakubali, mama wa msichana huja nyuma ya pazia, amuulize kijana neno moja, na kijana ajibu papo hapo. Akinyamaza, amedharau, na posa inarudi ilikotoka.

"Pazia litakuwa la gari," Mjomba Jillo akaamua. "Wewe kaa humo ndani, tundika leso, usitoke, usichungulie. Ukiulizwa, itika. Hata wewe hilo utaliweza."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, ambao wakati ule ulinifanya nijione mtu mwerevu. Tuliposhuka kivukoni nikayatazama yale magunzi yamechomoza milangoni, nikasema moyoni, Komora, unakwenda kuoa na magunzi? Nikayachomoa yote, nikayatupa mtoni, nikabonyeza swichi, na vioo vikapanda kwa adabu kabisa vikabaki juu. Nikafurahi.

Tulipofika, wazee wakaingia barazani, nami nikaegesha kando ya nyumba, pua ya gari ikiwa imeingia vichakani. Nikatundika leso nne za shangazi yangu, na namna ya kuzitundika ilikuwa kushusha kioo kidogo, kupitisha pindo la leso juu yake, kisha kukipandisha tena ili kiibane. Zikakaa vizuri, ndani kukawa giza na joto la tanuri. Nikakaa. Nikasikia Mjomba Jillo akianza kwa kueleza babu zetu walivyohama, nikajua shughuli ni ndefu. Na tumbo, jamani! Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu alfajiri kwa wasiwasi, na pale kwenye kiti cha pembeni shangazi alikuwa ameniwekea samaki wa mtoni wa kukaanga na ndizi za kuchemsha ndani ya jani la mgomba, nile tukiwa tunarudi. Harufu ikaanza kunisemesha. Nikajiambia, nani ataniona? Pazia kila upande. Nikavunja kipande kimoja cha samaki. Kipande kimoja kikaita kingine, na kufumba na kufumbua nilikuwa nimejaza mashavu yote mawili, mafuta yamefika kwenye viwiko, natafuna huku macho nimefumba kwa utamu.

Ndipo nikasikia kishindo cha wanawake wanakuja, na sauti moja ya upole sana ikasimama upande wa mlango wangu.

"Mwanangu," ikasema. "Baba zako na baba zake wamepatana. Limebaki langu. Utamtunza Hawa?"

Mbona walimaliza mapema vile? (Baadaye niliambiwa Mzee Maro alimkatiza Mjomba alipofika kwa babu wa tatu.) Neno lilikuwa moja tu, "naam", hata mtoto mchanga anakaribia kulisema, lakini lilikuwa nyuma ya samaki. Nikajaribu kumeza vyote kwa mpigo. Mwiba ukasimama kooni.

"Mwanangu?" ikauliza tena, na safari hii upole ulikuwa umepungua.

Nikasikia mwanamke mmoja ananong'ona, "Hajibu." Mwingine akasema, "Hamtaki." Nilihisi Hawa anaondoka mikononi mwangu vivi hivi, kwa sababu ya samaki! Nikatoa sauti, wallahi sijui sauti gani ile, kitu kati ya mbuzi na mlango mbovu. Na kama vile gari lilikuwa linasubiri ishara, nikasikia mlangoni mafuta yanatoa pumzi, fsss, na kioo changu kikaanza kushuka.

Kilishuka polepole, kwa maringo yale yale ya sokoni. Pindo likaachiwa, leso ikateleza, na mwanga ukaniingia nikiwa na mkia wa samaki umetokeza mdomoni, machozi yananitoka, na mbele yangu, karibu kiasi cha kuweza kumgusa, amesimama mama mkwe wangu. Nikabonyeza swichi kipandishe. Mota ikaunguruma, ikasukuma mafuta yote yaliyobaki yakamwagikia miguu yangu, na vioo vitatu vingine navyo vikashuka na leso zake. Sikubaki na pazia hata la kufunika sikio. Wanawake wakapiga ukelele, mama mkwe akajifunika uso kwa leso yake na kugeuka kukimbia, kama alivyotakiwa kufanya.

Lakini mimi nilikuwa sipumui vizuri tena. Nikakohoa, nikajipiga kifua, nikaangukia usukani, na honi ya Kimarekani ikalia mfululizo kijiji kizima.

Mama mkwe akasimama. Akageuka. Akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuna mama mkwe yeyote kule aliyewahi kulifanya, akaitupa heshima na desturi chini pamoja na leso, akaingiza mkono dirishani na kunipiga mgongoni mpaka nikaona nyota. Mwiba haukutoka. Akachukua ndizi yangu mwenyewe kutoka kwenye jani langu, akaiponda kiganjani, akafanya tonge, akanitia kinywani kwa mkono wake. "Usitafune! Meza! Meza, mtoto we!" Nikameza. Mwiba ukashuka. Pumzi ikarudi, na neno la kwanza lililonitoka, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote, lilikuwa, "Naam!"

Hakuna aliyejua la kufanya. Wazee walikuwa wametoka barazani na kusimama midomo wazi. Mjomba Jillo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na neno. Mzee Maro akamuuliza mkewe, "Umemlisha?"

"Nimemlisha," akasema mama. "Ningemwacha afe? Niliyemlisha kwa mkono wangu ni mwanangu."

Hapo Mjomba akapata sauti yake, tena vibaya. "Ikiwa ni mwanao," akasema akijikuna kidevu, "si atakuwa ndugu yake Hawa? Ndoa itafungwaje?"

Nilitamani kumtia yeye samaki mdomoni. Wazee wakaanza kutazamana, na naapa walikuwa wanalifikiria jambo lile kwa dhati, nami nimekaa pale sina kioo, sina leso, sina uso, nasubiri kuambiwa kwamba nimempoteza mchumba na kupata dada. Ndipo ndani ya nyumba kikasikika kicheko. Alikuwa Hawa. Alicheka akajizuia, akashindwa, akacheka tena mpaka tukasikia ameangusha sufuria, na mama yake akaanza kutikisika mabega, kisha Mzee Maro mwenyewe akajishika ukuta. Alipoweza kusema, akasema, "Leteni mbuzi tuoshe macho ya watu kwa aibu waliyoiona, na huyu aoe haraka kabla hajafa njaa."

Nikaoa. Mbuzi nilimpeleka, na siku ile sikula hata kipande chake, niliogopa.

Gari lile niliishi nalo miaka mingine, na vioo viliendelea kuharibika mpaka nikaacha kuhesabu mafundi, lakini gunzi sikulichomoa tena kwa ajili ya mtu yeyote, awe bwana shauri wa serikali au bibi harusi. Na mama mkwe, baada ya kuosha macho, alirudia heshima yake yote, hatukutazamana tena maisha yake, nikimpeleka safari alikaa kiti cha nyuma kajifunika gubigubi, hasemi neno. Ila kila alipopanda, kabla sijawasha moto, mkono wake ulikuja mbele kutoka ndani ya leso, polepole, ukiwa umeshika vitu viwili: ndizi ya kuchemsha iliyomenywa, na gunzi.

Nilikuwa nashindilia gunzi kwanza. Halafu ndizi nilikuwa naiweka mfukoni, namfikisha anakokwenda, nageuza gari, naenda mbali ambako hata kanzu yangu haionekani, ndipo nashuka chini na kula. Samaki ndani ya gari, mpaka naingia kaburini, sitaki hata kumbeba kwenye buti.